Heri Mashine Isimame Kuliko Idanganye

Kuna siku katika mwaka 2024 ambazo wateja wa umeme mjini Bariadi, mkoani Simiyu, kama wenzao Tanzania nzima, walisimama mbele ya mita za LUKU, zile za malipo ya kabla, kwa muda mrefu kuliko walivyozoea. Kawaida mtu ananunua umeme kwa simu, anapata tarakimu 20, anazibonyeza, taa inawaka, anarudi kwenye shughuli zake. Safari hii ujumbe ulikuja na mafungu matatu ya tarakimu 20. Mtoto anashika simu na kusoma, mama anabonyeza kwa mwanga wa tochi: sita, sifuri, tisa, tisa... "Ngoja kwanza, hizo tisa ni ngapi?" Ukikosea moja, fungu zima linarudiwa.

Wengi walinung'unika, wakabonyeza, wakasahau. Lakini mafungu mawili ya kwanza hayakuwa umeme hata kidogo. Yalikuwa amri ya kuiambia mita ianze kuhesabu muda upya.

Kisa chenyewe ni hiki. Kila tokeni ya LUKU hubeba ndani yake namba inayotokana na dakika ilipotengenezwa, ikihesabiwa tangu 1 Januari 1993. Namba hiyo ndiyo huifanya kila tokeni kuwa ya peke yake. Mita hukumbuka ilizokwisha kula. Mjanja akijaribu kuingiza tena tokeni ya juzi, inamkatalia. Waliotunga kanuni hiyo, ambayo hutumika kwenye mita za malipo ya kabla katika nchi nyingi, waliitengea hesabu nafasi ya dakika 16,777,216. Zilionekana nyingi kama mchanga wa Mto Simiyu wakati wa kiangazi. Kumbe ni miaka 31 na miezi kumi na kitu tu, na dakika ya mwisho iliangukia 24 Novemba 2024. Baada ya hapo, mita ambayo haikusasishwa ingeiona kila tokeni mpya kuwa ni kuukuu na kuikataa. Hakuna nguzo iliyoanguka wala waya uliokatika. Kilichokuwa kinaisha ni hesabu ndani ya programu.

Ndani ya mita hiyo kuna chipu, kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha. Iko chipu ndani ya simu ya mtoto aliyekuwa anasoma tarakimu, iko kwenye mizani ya kidijitali ya kupimia pamba, iko kwenye pikipiki ya kisasa iliyoegeshwa nje. Makala haya yanahusu huko chipu zinakozaliwa, na hasa programu zinazosimamia mashine za huko. Ni viwanda vya mbali, lakini maradhi ya programu zake ni ndugu wa damu wa ugonjwa ule wa mita.

Msomaji wa Simiyu hahitaji kuelezwa kiwanda ni kitu gani. Anaijua jinneri. Msimu wa pamba ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, malori hupanga foleni kwenye viwanda vya kuchambulia kama kile cha Alliance Ginneries pale Kasoli. Pamba mbegu hunyonywa kwa bomba, hupita kwenye mashine inayotenga nyuzi na mbegu, kisha nyuzi hushindiliwa kuwa marobota. Hewa huwa imejaa nyuzi zinazoelea na kushika kwenye nywele na nyusi. Fundi mkongwe haangalii sana mashine, anaisikiliza. Mlio ukibadilika kidogo anajua pamba imeingia na unyevu, au kuna kitu kimekwama. Yaliyotokea kwenye zamu huandikwa daftarini.

Kiwanda cha chipu ni jinneri iliyopinduliwa. Huko hakuna marobota, kuna maroboti. Na vumbi, ambalo kwa mchambuaji pamba ni sehemu ya maisha, huko ndiye adui namba moja. Kwenye chumba safi cha daraja la tano kwa viwango vya kimataifa, mita moja ya ujazo ya hewa hairuhusiwi kuwa na chembe zaidi ya 3,520 zenye ukubwa wa nusu ya elfu ya milimita au zaidi. Hewa ya kawaida tunayovuta huwa na mamilioni. Malighafi ni kisahani cha silikoni chenye upana wa milimita 300, sawa na sahani ya pilau. Visahani 25 huwekwa kwenye sanduku moja, na masanduku husafirishwa na vigari vinavyotembea kwenye reli zilizoning'inia darini. Kisahani kimoja hupitia hatua mia kadhaa, na kwa chipu za kisasa zaidi hatua zinapita 1,000: kupakwa, kuchorwa kwa mwanga, kuchongwa kwa gesi, kuoshwa, kupimwa, kisha kupakwa tena. Kazi hiyo huchukua kama miezi mitatu. Baadhi ya mashine za kuchora zinazotengenezwa na ASML ya Uholanzi bei yake inazidi dola milioni 150 kwa moja.

Fundi wa kusikiliza kwa sikio hana nafasi huko. Anayesikiliza ni programu.

Programu ya kusimamia mashine hufanya kazi ambayo katika jinneri ingegawanywa kwa msimamizi wa zamu, karani, fundi na mlinzi wa geti. Inajua sanduku lipi liko wapi. Inaiambia mashine ianze, inapokea taarifa za joto, mgandamizo na gesi, inaandika kila kitu, na inapiga kengele jambo likienda kombo. Zaidi ya yote inatunza mapishi. Wahandisi wa viwanda hivyo hutumia neno hilohilo la jikoni kwa maelekezo ambayo mashine hufuata: gesi gani, kiasi gani, joto la nyuzi ngapi, kwa sekunde ngapi.

Hapo ndipo penye mtego wa kwanza. Mashine inaweza kuwa nzima kabisa, ikapika vizuri kabisa, chakula ambacho si kile kilichoagizwa. Mhandisi mmoja alibadilisha mapishi wiki iliyopita kwa ajili ya jaribio, akasahau kuyarudisha. Hakuna kengele itakayolia, kwa kuwa kwa macho ya mashine hakuna kilichoharibika. Kosa linaweza kugundulika wiki kadhaa baadaye kwenye vipimo, wakati mamia ya visahani yameshapita njia hiyo. Kinga yake ni ya kikarani tu: kila toleo la mapishi lina namba yake, aliyelibadilisha ameandikwa, na kabla ya kuanza kazi programu hulinganisha mapishi yaliyo ndani ya mashine na yale yaliyoidhinishwa, herufi kwa herufi. Yakitofautiana hata kwa nukta moja, kazi haianzi.

Kulikuwa pia na tatizo la lugha. Zamani kila mtengenezaji wa mashine alikuwa na namna yake ya kuzungumza na kompyuta ya kiwanda, na mwenye kiwanda alilazimika kuajiri wakalimani, yaani waandishi wa programu za kuunganisha, kwa kila mashine mpya. Chama cha sekta hiyo, SEMI, kilitoa kanuni ya kwanza ya mawasiliano mwaka 1980, ikaitwa SECS. Mwaka 1992 ikafuata GEM, iliyoeleza kwa kina mashine inapaswa kujieleza na kutenda vipi. Ni kama Kiswahili kwenye mnada wa ng'ombe: Msukuma, Mtaturu na mfanyabiashara wa kutoka Dar es Salaam hawahitaji kujua kilugha cha mwenzao ili wakubaliane bei.

Kanuni nyingine ya SEMI, ya mwaka 1986, inastahili kutajwa kwa sababu mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi kiwandani ataielewa papo hapo. Inaitwa E10. Kabla yake, mwenye kiwanda akisema mashine imesimama mno, mtengenezaji alijibu kwamba mashine ni nzima, ila hamkuipa kazi. Nani mkweli? Kwenye jinneri ugomvi huo unajulikana: leo tumechambua kidogo kwa sababu ya mashine, kwa sababu ya umeme, au kwa sababu malori hayakuja? E10 iliamua kwamba kila dakika ya maisha ya mashine lazima iingie kwenye hali moja kati ya sita. Ama inazalisha, ama inasubiri kazi, ama iko mikononi mwa wahandisi kwa majaribio, ama imesimamishwa kwa matengenezo yaliyopangwa, ama imesimama bila kupangwa, ama iko nje ya ratiba. Kuanzia hapo ukisikia kiwanda kinatamba kwamba mashine zake ni za kuaminika, unaweza kukiuliza dakika zilikwenda wapi. Daftari la zamu la jinneri likiwekewa safu hizo sita, gharama yake ni rula na kalamu.

Ila kujua hali ya mashine kunategemea mashine na programu kusikilizana, na mawasiliano hukatika. Hapa tuachane na viwanda kidogo, twende kwenye kibanda cha wakala wa pesa kwa simu.

Mteja anatuma 50,000 kwa ndugu yake aliyeko Maswa. Anaweka namba ya siri, skrini inazunguka, mtandao unapotea. Ujumbe hauji. Pesa zimeenda au hazijaenda? Mwenye haraka anatuma tena. Baada ya dakika kumi zinaingia jumbe mbili, na ndugu wa Maswa ana 100,000 na ghafla simu yake haipatikani. Aliyezoea hufanya vingine: anauliza salio kwanza, anatazama orodha ya miamala, ndipo anaamua.

Kwenye kiwanda cha chipu mambo ni yaleyale, isipokuwa pesa hazirudishwi kwa kupiga simu huduma kwa wateja. Programu inaiambia mashine ya kuchonga: anza. Jibu halirudi. Mashine imeanza au haijaanza? Programu iliyoandikwa kivivu hurudia amri, na kisahani kinachongwa mara mbili. Tabaka lililopaswa kubaki limeliwa lote. Programu iliyoandikwa vizuri huipa kila amri namba yake ya pekee, kama namba ya muamala, ili mashine ikiiona mara ya pili ijue kwamba kazi hii nimeshaipokea. Na kama jibu bado halipatikani, haibahatishi. Inauliza hali ya mashine, inalinganisha na kumbukumbu zake, na ikishindwa kupata ukweli inalishikilia sanduku zima mpaka mtu aje kuangalia. Ndiyo akili ileile ya mita ya LUKU inayokataa tokeni ya juzi.

Watu wengi wanapofikiria mashine ya kuaminika hufikiria isiyosimama kamwe. Wenye viwanda vya chipu walijifunza kwa gharama kubwa kwamba hicho si kipimo cha kwanza. Mkulima wa pamba anaweza kuwaeleza vizuri zaidi. Mizani ya chama cha msingi ikizimika, wakulima wanakaa chini ya mti na kulaumu. Siku imeharibika, basi. Mizani ikifanya kazi vizuri mchana kutwa huku ikipunguza kilo mbili kwa kila gunia, hakuna anayelaumu, na wote wameibiwa. Ndiyo sababu Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuipiga chapa hata ile ambayo haina dalili ya kuharibika. Programu ya kiwandani iliyoganda husumbua zamu moja. Ile inayoendelea kuonyesha joto la dakika ishirini zilizopita kana kwamba ni la sasa huharibu kazi ya mwezi. Kwa hiyo programu nzuri huweka saa kwenye kila kipimo, na kipimo kikichelewa hukitangaza kuwa hakijulikani badala ya kukionyesha kwa rangi ya kijani.

Tukio linalotajwa mno kwenye sekta hiyo lilianza Ijumaa, 3 Agosti 2018, Taiwan. Kampuni ya TSMC, inayotengeneza chipu za simu za iPhone miongoni mwa nyingine nyingi, ilikuwa inafunga mashine mpya. Wakati wa kuweka programu yake utaratibu haukufuatwa sawasawa, na mashine iliyokuwa na kirusi ikaunganishwa kwenye mtandao wa kiwanda. Kirusi hicho kilikuwa cha ukoo wa WannaCry, ambacho mwaka mmoja kabla, Mei 2017, kilishambulia kompyuta zaidi ya 200,000 duniani. Dawa yake ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi 2017. Kompyuta za mashine nyingi za kiwandani hazikuwa zimechanjwa. Kufikia Jumapili TSMC ilisema asilimia 80 ya mashine zilizoathirika zimerudi kazini, na Jumatatu zote. Siku tatu tu, lakini makadirio ya kwanza ya kampuni yalikuwa kwamba mapato ya robo ile ya mwaka yangepungua kwa karibu asilimia 3.

Ni rahisi kuwacheka: kampuni tajiri namna hiyo ilishindwaje kusasisha Windows? Lakini suala hilo lina pande mbili. Mashine ya mabilioni hununuliwa ifanye kazi miaka 15 au 20, na kompyuta iliyo ndani yake huzeeka mapema zaidi. Mtengenezaji amethibitisha kwamba inafanya kazi na toleo fulani la programu. Ukibadilisha, dhamana inaweza kupotea, na mapishi yaliyosawazishwa kwa miezi yakaanza kutoa matokeo tofauti. Mhandisi anayeogopa kugusa kitu kinachofanya kazi si mvivu. Jibu lililopatikana ni la busara ya kizamani: ng'ombe mgeni haingizwi zizini kabla ya kutengwa. Mashine mpya hukaguliwa pembeni kwanza, na mtandao wa kiwanda hugawanywa vyumba vyumba ili ugonjwa wa kimoja usihamie kingine. Taiwan ilisukuma jambo hili mpaka Januari 2022 SEMI ikatoa kanuni ya E187, inayomdai mtengenezaji ulinzi wa kompyuta tangu mashine haijatoka kwake.

Kusasisha kwa pupa nako kuna msiba wake. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho moja lenye kasoro, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikaganda, na ndege zikakwama viwanjani kuanzia Marekani hadi Asia. Tangu hapo somo la kusasisha kwa awamu halihitaji mhubiri: anza na mashine moja, subiri, tazama, ndipo uende kwa kumi.

Na umeme? Msomaji wa Bariadi alikuwa anasubiri swali hilo. Tarehe 15 Juni 2019 umeme ulikatika kwa dakika 13 huko Yokkaichi, Japani, kwenye viwanda vya kumbukumbu za kompyuta vya Toshiba Memory. Dakika 13 ambazo kwetu mtu asingeinuka hata kutafuta mshumaa. Western Digital, wakati huo mbia wa viwanda hivyo, ilitangaza hasara kubwa ya bidhaa, na kurudi kwenye hali ya kawaida kulichukua wiki kadhaa. Sehemu ya tatizo ni visahani vilivyokuwa katikati ya kazi: je, vilifika hatua gani? Ndiyo maana programu za sasa huandika kwenye hifadhi ya kudumu kabla ya kutenda, si baada ya kutenda, ili umeme ukirudi isomeke wazi kazi iliishia wapi. Seva huwa mbili, moja ikifa nyingine inashika usukani. Na viwanda makini huizima ile ya kwanza kwa makusudi, mchana kweupe, wahandisi wote wakiwa macho, waone kama ya pili itashika kweli. Seva ya akiba ambayo haijawahi kujaribiwa ni kama tairi la akiba lisilo na upepo: linakupa amani mpaka siku ya pancha.

Afrika Mashariki nayo imeshaingiza mguu. Nyeri, Kenya, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, iko kampuni ya Semiconductor Technologies Limited iliyoanzishwa na Anthony Githinji. Ni kiwanda kidogo ukikilinganisha na vya Taiwan, ila kina chumba safi na vijana waliovaa nguo za kuzuia vumbi. Mei 2024, Rais William Ruto alipozuru Washington, Marekani ilisema inakusudia Kenya iwe nchi ya kwanza ya Afrika kunufaika na mfuko wa kimataifa uliotokana na sheria yake ya chipu ya mwaka 2022. Simiyu, mkoa ulioanzishwa 2012 na kujulikana kwa chaki za Maswa na pamba ya kila kona, hauko karibu na hatua hiyo, na hakuna sababu ya kujidanganya.

Programu za kusimamia mashine, hata hivyo, zimeshafika bila kusubiri kiwanda cha chipu. Zimo kwenye mizani za kidijitali za vyama vya msingi, kwenye mashine za maabara za hospitali, kwenye pampu za maji, kwenye mita ukutani. Anayenunua mashine hizo kwa fedha za umma au za wanachama ana maswali ya kuuliza kabla ya kusaini. Mtandao ukikatika katikati ya kazi, inafanya nini? Inatunza kumbukumbu wapi, na nani anaweza kuzifuta? Ikiwa haina uhakika inasema, au inakisia? Nani atailetea masasisho miaka kumi ijayo? Muuzaji anayejibu kwamba mashine yake haiharibiki kamwe hajajibu hata swali moja.

Mita za LUKU zilizoingiziwa yale mafungu mawili sasa zinahesabu dakika kuanzia 1 Januari 2014. Nafasi ni ileile, dakika 16,777,216. Itajaa Novemba 2045.